Kipande Kilichokufa Bila Moshi

Jumanne, Mei 1997. Kakamega.

Dada yangu Keziah, mulembe. Goti linaendeleaje? Na mahindi ya huko Lugari, yamesimama au mvua ya wiki jana imeyalaza? Sisi huku tu wazima, Bwana asifiwe. Mama Beatrice anakusalimu sana. Anasema ile ingokho uliyotutumia Pasaka imeanza kutaga, kwa hiyo imeponea kisu.

Daftari letu lilifika Ijumaa na akina mama wa vitunguu. Nimesoma kurasa zako zote, zingine mara mbili. Hata pale ulipoandika siku nzima kwa neno moja, "nimechoka", nilikaa nalo. Tangu mama atuache tumekuwa tukipitishiana daftari hili, wewe unaandika siku zako, mimi naandika zangu, na sijawahi kukuficha kitu humu ndani. Leo nilitamani kukuficha. Nimezunguka meza hii kama kuku anayetafuta pa kulala.

Asubuhi jua lilikuwa kali. Saa nane mvua ikashuka, ile yetu ya kupiga mabati mpaka mtu hasikii anachofikiri. Nimefunga gereji mapema, nimenawa grisi, nimekaa.

Unamkumbuka Indeche, fundi wa redio wa pale Shirere, ambaye hutuangalizia vipaza sauti vya kanisa. Ndiye aliyekutengenezea redio yako ukaenda nayo Lugari. Jumapili hii jina lake litasomwa mbele ya kanisa zima kwamba ameiba. Atatolewa benchi la mbele akae mlangoni, na vipaza sauti atanyang'anywa.

Na aliyelipeleka jina hilo kwa wazee ni mimi.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana habari yenyewe ni ya gari.

Kanisa lilipata ile van ya Kijapani mwezi wa pili, iliyotumika huko kwao ikaja huku bado inang'aa. Ndiyo inayopeleka wagonjwa hospitali na kubeba kwaya. Walipoileta gerejini nikafungua boneti, nikatafuta kabureta. Sikuiona. Nikainama upande huu, nikainama upande ule. Dereva akacheka, "Mzee, hii haina. Hii inatumia kompyuta." Akanionyesha sanduku la bati chini ya dashibodi, lina ukubwa wa Biblia ya kanisani, limejaa waya. Eti hilo ndilo linaloamua petroli imwagwe kiasi gani na plagi ziwake lini.

Dada, tangu siku ile sikuliamini. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na injini imekuwa ikisema nami. Ikikosa petroli inakohoa, ikikosa moto inanyamaza, kebo ikiungua unasikia harufu. Lakini sanduku halisemi. Limekaa tu pale gizani linaamua.

Wiki tatu zilizopita dereva akaja akasema taa za mbele zimefifia. Nikapima, nikamwambia altaneta inayochaji betri ni nzima, shida ni betri yenyewe imechoka. Akaenda. Kesho yake mchana gari likazima njiani, na halikuwaka tena. Plagi hazitoi cheche. Pampu ya petroli hailii. Nikabadilisha nilichoweza kubadilisha, nikafuata waya moja moja mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Hakuna kilichoungua. Hakuna moshi, hakuna harufu. Ndipo nikasema hili ni sanduku, na mtu wa masanduku ni Indeche.

Nilimpelekea mwenyewe. Alilifungua mbele yangu. Ndani ni kama mji mdogo, vinyumba vyeusi vimepangwa kwenye ubao wa kijani. Akaniwekea ncha ya bisibisi juu ya kimoja, cheusi, chenye miguu mingi, hakizidi ukucha wa kidole gumba.

"Unaona huyu? Huyu ndiye mpishi," akasema. "Betri inaleta volti kumi na mbili. Akili ya gari inakunywa tano tu. Huyu ndiye anapunguza, anagawa, anaangalia kila mmoja amekula kiasi chake. Pampu haiwaki bila yeye. Injekta zinazomwaga petroli hazipati amri bila yeye. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya vipande sita saba. Siku hizi wamewafinyanga wote wakawa mtu mmoja."

"Na mtu huyo mmoja akifa?"

"Nyumba nzima inalala njaa."

Nikawaza moyoni, watu gani hawa wanaomwachia mmoja kazi zote? Ni kama kanisa ambalo katibu ndiye mhazini, ndiye kwaya, ndiye mwenye ufunguo.

Akaniuliza swali moja. "Baba Beatrice, kuna mtu aligusa betri gari likiwaka?"

Nikamjibu, "Nani aguse? Ni mimi tu niliyeigusa."

Alinitazama kidogo, kisha akainama kwenye kazi yake. Alipoinama, dada, ndipo nilipoanza kushuku. Nilisema, mtu asiye na kitu haangalii chini.

Alikaa na sanduku siku mbili. Aliporudisha akasema kile kipande kimekufa, na hapa Kakamega hakipatikani, labda Nairobi, labda hata huko hakuna. Nikalifungua sanduku nikiwa peke yangu. Miguu ya kile kipande ilikuwa na lehemu mpya, inameta kama kijiko kipya. Vingine vyote vimefifia, hicho peke yake kinameta. Nikajua kimechomolewa. Sasa mtu anachomoa kipande kilichokufa ili iweje?

Hilo likakaa kifuani. Nikila obusuma, ugali haushuki. Mama Beatrice akasema, "Huyo Indeche amekula chakula kwenye meza hii miaka kumi na tano, umemwona akiondoka na hata kijiko?" Nikamwambia wanawake hawajui mambo ya gereji. Mungu anisamehe, hata mimi sikuyajua.

Siku chache baadaye nikasikia pikapu ya Mama Rehema, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Shianda, imefufuka. Ilikuwa imelala miezi, nayo ni ya kompyuta, ya kampuni ileile iliyotengeneza van yetu. Nani ameifufua? Indeche. Lini? Wiki ileile.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri hivi: amechomoa kipande chetu kizima, amekipeleka Shianda, ametubandikia kilichokufa. Niliona picha yote kama ninavyokuona wewe ukiwa umekaa hapa. Sikwenda kwake kumuuliza. Hapo ndipo nilipopotea njia, maana sisi kanisani tumefundishwa umwendee ndugu yako kwanza mkiwa wawili. Nimelifundisha hilo mimi mwenyewe kwa darasa la ubatizo, nikiwa nimeshika chaki. Nilienda moja kwa moja kwa wazee.

Walimwita. Wakamuuliza, "Ulichomoa kipande ndani ya sanduku la gari la Bwana?" Akasema, "Nilichomoa, nikakipima, nikakirudisha." Wakamuuliza kama ana la kuongeza. Akanitazama tena kwa macho yale yale, akasema hana. Wazee wakasema mtu akikosa la kusema basi yamemfika. Wakapanga Jumapili.

Nilitoka pale nikijiona nimelinda mali ya Mungu.

Lakini furaha haikuja, dada. Badala yake nikaanza kushuku zaidi. Nikamshuku dereva, labda walikula njama. Nikamshuku aliyetuuzia van. Nikashuku hata kama wazee wameniamini au wamenisikiliza tu kwa sababu ya mvi. Nikasema lazima nipate ushahidi wa kufunga mlango huu. Jana nikapata lifti ya pikapu ya mteja mpaka Shianda, barabara imejaa matope na matrela ya miwa, nikafika dukani kwa Mama Rehema kabla ya adhuhuri.

Yule mama ana heshima zake. "Asalaam aleikum, fundi," akanipokea, akaniletea stuli. Nikamwambia nimesikia gari lake limepona, nikaomba nione, kwa kujifunza. Hapo nilidanganya. Nilikwenda kukamata.

Akanifungulia dashibodi mwenyewe. Sanduku lilikuwa jipya lote, bati lake halina mkwaruzo, limebandikwa karatasi ya duka la Mombasa.

"Kaka yangu ndiye aliyenitumia," akasema. "Kamili, limefungwa kwenye boksi. Indeche alikuja kulichomeka tu. La zamani lile pale."

Lilikuwa kwenye rafu kati ya misumari na makopo ya rangi. Nikaliomba. Nikalifungua kwa bisibisi yake. Kile kipande cheusi kilikuwa mahali pake, lehemu imefifia kama ya kiwandani. Hakuna aliyekigusa. Hakuna kilichotoka kwetu kwenda kwake, wala kwake kuja kwetu.

Ningeondoka hapo hapo, aibu hiyo peke yake ingenitosha. Lakini mama yule anapenda kuongea.

"Unajua nani aliiua hii yangu? Fundi wa hapa hapa. Mzee mzuri tu, anajua kazi. Alitaka kuona kama altaneta inachaji. Akaacha injini inanguruma, akalegeza kichwa cha waya wa betri akakitoa. Eti gari lisipozima, altaneta ni nzima!"

Nikasema, "Na si ndivyo?"

"Wee! Indeche alipiga kelele siku hiyo. Akasema magari ya zamani yalivumilianga, haya mapya hayavumilii. Ukitoa betri, moto wa altaneta unakosa pa kwenda, unaruka wote mpaka kwenye kile kijipande kinachogawa. Kinaungua ndani kwa ndani, hata moshi hutaona. Wakati mwingine kinafia hapo hapo, wakati mwingine kinaumia tu, kinatembea siku moja mbili ndipo kife." Akacheka. "Akasema nyinyi mafundi wazee mtatumalizia magari kwa spana namba kumi. Kwani wewe hupimanga vipi, fundi?"

Nikamrudishia bisibisi yake. Nilisema nimechelewa.

Dada Keziah, mimi hupima hivyo hivyo. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha wengine. Injini inanguruma, unalegeza nati, unanyanyua kichwa cha betri, unasikiliza. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Siku ile dereva alipokuja na taa zilizofifia nilifanya hivyo, nikanyanyua, gari likaendelea kuwaka, nikampigapiga begani nikamwambia altaneta ni nzima. Nakumbuka hata taa za dashibodi ziliruka zikang'aa mara moja, nikasema nzuri, ina nguvu.

Mkono huu ninaoandikia.

Njiani kurudi nilijitetea. Nilisema gari lilitembea siku nzima baada ya hapo, kwa hiyo si mimi. Kisha nikakumbuka maneno ya mama, siku moja mbili. Nikasema labda kipande kilikuwa na ugonjwa wake tangu Japani. Inawezekana. Nani anaweza kuapa? Hakuna moshi, hakuna shahidi. Hata sasa ninapoandika sauti moja inaniambia hujui kwa hakika, nyamaza. Naishuku sauti hiyo kuliko nilivyomshuku Indeche.

Kisha yakaja mengine. Unakumbuka gari la yule mwalimu wa Khwisero, lile jeupe, lililofia nyumbani kwake siku mbili baada ya kutoka kwangu? Nilimwambia amejaziwa petroli yenye maji. Nilimtaja mpaka mwenye kituo. Je, lile lilikuwa na sanduku? Sikuangalia. Ni mangapi niliyoyaua kwa kuyapima, halafu nikamtupia mtu mwingine?

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili: Indeche alijua.

Alijua siku ile ile ya kwanza, aliponiuliza nani amegusa betri nikamjibu ni mimi tu. Aliinama si kwa sababu ana hatia, aliinama kwa sababu ameona yangu. Akakaa na sanduku siku mbili akijaribu kulifufua. Mbele ya wazee angeweza kusema neno moja, na mimi ndiye ningekaa mlangoni. Hakusema.

Kwa nini?

Leo asubuhi nilikwenda kwake nimalize jambo hili. Nilivaa hata koti. Nilipofika Shirere alikuwa ameketi na spika ya kanisa mapajani, pasi ya lehemu inafuka. Mama mmoja alikuwa kwenye benchi anangoja redio yake.

"Karibu, afande," akasema bila kuinua kichwa. "Umekuja kupekua? Droo ni ile, haina kufuli."

"Nimekuja kukusalimu."

"Salamu na koti! Basi kaa, usije ukalichafua."

Nikakaa. Nikamuuliza anatengeneza nini.

"Spika ya nyuma. Inakoroma. Jumapili nataka hata akina mama wa mlangoni wasikie jina langu vizuri, wasije wakaulizana nani huyo."

Mama wa redio akacheka. Akaniona uso, akaacha.

Nikasema, "Indeche, mbele ya wazee mbona hukujitetea?"

Akapuliza lehemu. "Waliniuliza kama nilichomoa kipande. Nilichomoa. Hutapima kitu kikiwa kimefungwa na wenzake. Hawakuuliza lingine."

"Ungewaambia lingine."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Lipi, Baba Beatrice? Wewe niambie ni lipi."

Dada, lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limefika kwenye meno. Mama wa redio ametega sikio, Indeche ananitazama, si kwa hasira, ananitazama tu kama mtu anayengoja chai. Nikasimama nikasema, "Mvua inakuja." Jua lilikuwa linawaka.

Nimerudi nyumbani nikiwa na mashaka mapya. Nashuku sasa hata ule ukimya wake. Je, ananihurumia, kwa sababu anajua fundi akisemwa kwamba ndiye muuaji wa magari hana tena kazi? Au ananingoja nijifunge mwenyewe, jina lisomwe, kisha ukweli utoke baadaye nionekane mbele ya watu wote ni mtu wa aina gani? Nimegeuza hili huku na huku. Angalia nilikofika: mtu amebeba kosa langu kimya kimya na mimi namtafutia hila. Nimejaribu kuomba. Nikipiga magoti naanza vizuri, halafu najikuta namweleza Mungu kuhusu taa za dashibodi, kwamba hazikuruka sana.

Nilimwambia Mama Beatrice yote mchana, kabla ya mvua. Nilidhani atasema, "Nilikuambia." Hakusema. Aliweka sufuria chini, akauliza, "Sasa Jumapili utakaa wapi?" Maana mimi nami hukaa benchi la mbele, dada, mkono wa kulia wa Indeche, miaka yote hii.

Naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe huwezi kunicheka, ama ukinicheka unanicheka kwa upole. Naogopa dereva atakavyosimulia mjini. Naogopa vijana waliojifunza kwangu, sasa wako na gereji zao, kila siku wananyanyua vichwa vya betri kwa sababu niliwaambia. Naogopa zaidi kwamba saa ile ikifika nitasema tena mvua inakuja.

Nilifikiri niende kwa mchungaji faraghani, wafute jina, mambo yaishe kimya. Lakini nimelishuku wazo hilo pia. Wazee wameshawaambia wake zao, na wake zao wameshaambia soko. Likifutwa kimya, Indeche atabaki mwizi aliyesamehewa. Nililisema mbele ya watu, sharti nilirudishe mbele ya watu, na nilirudishe kabla katibu hajafungua karatasi yake. Nitasema nililofanya na jinsi nilivyolifanya, namba ya spana na yote, ili na mafundi waliomo kanisani wasikie waache. Lakini kwanza, kesho asubuhi, narudi Shirere bila koti. Hata kama kuna watu kumi kwenye lile benchi.

Naandika hili ili nisipate pa kukimbilia. Ukishalisoma wewe, litakuwa limesemwa.

Daftari linaondoka kesho na akina mama wa vitunguu, nao wanarudi huku Ijumaa. Usiniandikie kwamba sikujua. Kuhusu betri ni kweli sikujua, lakini kuhusu Indeche nilikuwa na miaka kumi na tano ya kujua. Niandikie tu kama goti litakuruhusu kuja Jumamosi, ulale hapa, asubuhi ukae nami kanisani. Mama Beatrice atakuwa upande mmoja, ningependa na wewe uwe upande wa pili. Tafadhali dada, nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Ndugu yako.